Mchumba wa Kuazima

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, habari ni hii. Mwaka ule wa tisini na saba, Paskazia, binti wa Mzee Ngassa wa Ibadakuli, alikuwa na miaka kumi na tisa na yuko kidato cha nne. Akatafutiwa mume. Mume mwenyewe alikuwa Sostenes, broka wa dhahabu kutoka Bugarama, mtu mwenye pikapu nyeupe na wake wawili. Paskazia alitaka kwanza afanye mtihani wake wa mwisho. Alipomwona baba yake anaelekea kukubali, akaropoka mbele ya mgeni kwamba yeye tayari ana mchumba: Nkwabi, kijana wa Mzee Makoye, anayesoma naye darasa moja.

Haikuwa kweli. Kesho yake alimfuata Nkwabi na kumsihi wadanganye pamoja mpaka mtihani uishe. Nkwabi akakubali upesi kuliko alivyotarajia, maana naye alikuwa na lake. Alikuwa akipendana kwa siri na Hiral, binti wa Rohit mwenye duka la vitambaa mjini. Akiwa na mchumba wa kuonyesha watu, nani angemwazia Hiral? Sostenes akageuza pikapu yake, akaenda zake. Paskazia akadhani ameponea.

Tulimwacha hapo, akidhani hivyo.

Jumamosi moja, wiki tano baadaye, alirudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, akakuta zizi limejaa.

Ng'ombe wa baba yake aliwajua mmoja mmoja. Sasa walikuwepo na wageni sita, wanene, wamesimama pembeni kwa aibu ya ugenini. Dume jeusi lenye baka usoni lilimtazama kana kwamba linamdai maelezo.

"Mama, hawa ni wa nani?"

Mariana, mama yake, alikuwa amekaa juu ya gunia akikata viazi vya kuanika, vya michembe. Hakuinua macho.

"Ni wako."

"Wangu kivipi?"

"Wameletwa na wazee wa upande wa Nkwabi. Wameondoka sasa hivi, hata vumbi lao halijatua. Wamesema hao ni wa kuanzia. Shusha ndoo, mwanangu, utavunjika shingo."

Paskazia alishusha ndoo. Nusu ya maji yalimwagikia miguu yake na hakuyasikia.

Mzee Ngassa akatoka ndani anacheka peke yake. Ilikuwa muda mrefu hajacheka namna ile.

"Ungesema mapema, mayu, mwanangu! Mimi nahangaika na mtu wa Bugarama, kumbe kuna kijana wa Makoye! Unajua mimi na Makoye tulianza kazi mgodini Mwadui siku moja? Chumba kimoja, miaka tisa. Tukaja kukosana kwa ajili ya mpaka wa shamba, huu mwaka wa sita sijakanyaga kwake. Leo amenikumbatia. Amelia, mtu mzima yule!"

Paskazia alikuwa amefungua kinywa kusema. Akakifunga.

"Na shule, baba?"

"Shule ipo tu," baba yake akajibu, akaenda kumpapasa dume lile mgongoni.

*

Jumatatu, masomo yalipokwisha, alimkuta Nkwabi nyuma ya ua wa minyaa, karibu na karakana ya shule. Ameegemea baiskeli yake. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama wa mtu aliyelala na njaa.

"Mbona hukukataa?" Paskazia akamvaa.

"Nilikataa. Nilisema bado ni mapema. Baba akaniuliza, mapema kwa nani? Msichana huyo si ndiye unampakia kwenye baiskeli kila jioni, mji mzima unaona?"

Na kweli mji mzima ulikuwa unaona. Wao wenyewe ndio waliotaka uone. Wiki tano walikuwa wakipita barabara kuu, Paskazia amekaa nyuma kwenye keria, wakisalimia kila mama muuza nyanya ili habari isambae. Habari ilisambaa, tena vizuri mno.

Hiral alikuja anatembea taratibu, daftari la hesabu kifuani, kama mtu aliyekuja kuuliza swali la darasani. Ndiye aliyekuwa akiongoza kidato chote kwa hesabu. Alisimama hatua tatu kutoka kwa Nkwabi, kama walivyozoea.

"Nimesikia habari za ng'ombe," akasema. "Mama muuza maziwa amemsimulia mama yangu. Mwalimu mkuu naye akisikia je?"

"Tutafukuzwa wote wawili," Nkwabi akasema. "Wanafunzi wenye uchumba hawamalizi shule. Unajua."

"Basi twende tukaseme kweli," Paskazia akasema. "Tuseme tulidanganya, yaishe."

Hiral akatikisa kichwa. "Wakiuliza Nkwabi alidanganya kwa nini, mtajibu nini? Paskazia, unamkumbuka dada yangu Sneha? Walimkuta na barua moja tu kwenye begi. Moja! Tena ya kijana wa kwetu, Mhindi mwenzetu. Wiki ya tatu alikuwa ameshaolewa Mwanza. Mimi wakijua ni Nkwabi, hiyo wiki ya tatu sitaifikia."

Ndani ya karakana mtu alikuwa anapiga msasa mbao.

"Achaneni," Hiral akasema ghafla.

"Tuachane vipi?" Paskazia akauliza. "Hatuko pamoja."

"Gombaneni mbele ya wazee, kwa kelele. Kila mmoja amkatae mwenzake. Ng'ombe watarudi, na hakuna atakayeuliza zaidi. Watu huachana kila siku."

Lilikuwa wazo zuri. Wakaanza kulifanyia mazoezi palepale. Kila mmoja alitakiwa ataje makosa ya mwenzake.

Nkwabi hakupata taabu. "Huyu anaongea bila kupumua. Akipanda baiskeli anaimba, tena anakosea maneno. Akicheka anapiga watu mgongoni. Akila karanga, maganda yote anatia kwenye mfuko wa shati langu."

Hiral alicheka mpaka akashika ukuta. Paskazia naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

"Zamu yako," Nkwabi akamwambia.

"Wewe... huna adabu."

"Adabu gani sina?"

"Sijui. Wewe ni mlevi."

"Mimi sinywi hata togwa, Paskazia!"

Alimtazama akitafuta kosa, akaliona shati lenye mfuko uliovimba kwa maganda ya karanga. Nkwabi hakuwahi kuyatupa njiani. Kila siku aliyabeba mpaka nyumbani kwao. Ndipo Paskazia alipokiri moyoni jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake: kwamba wiki mbili sasa, kila wakikaribia Ibadakuli, alikuwa akiomba mnyororo wa baiskeli ukatike.

"Nipeni mpaka Jumapili," akasema. "Nitamtafutia kosa."

*

Jumapili baada ya ibada, Mzee Makoye alifika na mkewe na Nkwabi. Viti viliazimwa kwa majirani, mbuzi akachinjwa. Mzee Ngassa alimshika Makoye mkono tangu langoni, hakuuachia mpaka kitini.

Walikuwa hawajaanza mazungumzo pikapu nyeupe ilipoingia uani.

Sostenes aliteremka, akafungua nyuma na kutoa kreti mbili za soda.

"Mwadila, wazee," akasalimia. "Msinishangae. Nimekuja kupongeza," akasema. "Aliyenishinda nampa mkono."

Akampa Nkwabi mkono kweli. Wazee wakafurahi, wakasema huo ndio ungwana. Akapewa kiti. Akakaa pembeni, mguu juu ya mguu, njiti ya kiberiti mdomoni.

Mzee Makoye akakohoa. "Mwenzangu, mimi si mtu wa kuzungusha maneno. Pamba imeshapimwa, mvua hazijaanza, watu wana nafasi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi tufunge harusi."

"Mtihani uko mwezi wa kumi na moja!" Paskazia akaruka.

Mzee Makoye alimgeukia kwa upole, upole wa mkwe mwema kabisa. "Nkwabi ataufanya, mwanangu. Wewe utakuwa na nyumba ya kuangalia. Mtihani mmoja unatosha watu wawili."

Wazee wakacheka vizuri, bila ubaya wowote. Cheko lile lilimchoma Paskazia kuliko tusi. Alidanganya ili aokoe mtihani, na sasa uongo wenyewe ndio unaomnyang'anya.

Hakuhitaji tena kuigiza.

"Mimi simtaki huyu!" akapiga kelele. "Simtaki! Warudisheni ng'ombe wake leo!"

Nkwabi akadaka zamu yake. "Hata mimi simtaki! Anaongea bila kupumua!"

"Na wewe unaendesha baiskeli kama umebeba mayai!"

"Si kwa sababu unanitingisha kwa kuimba? Tena unaimba vibaya!"

"Kama naimba vibaya, mbona juzi uliniambia nirudie?"

Kisha mama yake Nkwabi akafunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Mariana akafuata. Mzee Ngassa akajipiga paja.

"Wasikilizeni!" Mzee Makoye akasema huku akifuta machozi. "Hawa wameshakuwa mke na mume. Limebaki la kanisani tu."

"Mimi na huyu mzee tulianza hivihivi," mkewe akasema. "Nilimrushia mwiko."

Paskazia alimtazama Nkwabi. Nkwabi alimtazama yeye. Hapakuwa na maneno mengine waliyoyapanga. Paskazia akahisi ua unajibana, viti vinamsogelea, na kwa kukosa pa kutokea akatamka lile ambalo hakutakiwa kulitamka.

"Ana mwingine!"

Vicheko vikakatika.

"Nani?" Mzee Ngassa akauliza.

Mzee Makoye akamgeukia kijana wake. "Ni kweli? Maana nimewahi kuambiwa unashinda dukani kwa Rohit. Nikasema moyoni, anamnunulia mchumba wake kitambaa. Lakini kitambaa chenyewe sijakiona."

Nkwabi alimtazama Paskazia kama mtu anayezama anavyomtazama aliyesimama ukingoni.

"Nimesema kwa hasira," Paskazia akasema haraka. "Hana mtu."

"Basi yameisha," baba yake akasema, na mazungumzo yakarudi kwenye mchele na nyama.

*

Alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua bilauri. Sostenes akamfuata, akiomba maji ya kunawa.

"Shikamoo," Paskazia akasema, kwa kuwa adabu ni adabu.

"Marahaba." Alinyoosha mikono, naye akammiminia kwa jagi. "Nimenunua dhahabu miaka kumi na minne, binti. Watu huniletea shaba wameing'arisha, wanaapa kwa mama zao. Mimi simtazami anavyoapa. Natazama macho yake yako wapi."

Paskazia aliendelea kummiminia maji.

"Ulipomtaja huyo mwingine, yule kijana hakukutazama wewe kwanza. Alitazama barabara ya kwenda mjini."

"Unataka nini?"

"Mimi? Sina haraka." Alikung'uta maji vidoleni, tone moja likamrukia Paskazia shavuni. "Sema kweli tu. Ukisema kweli, mtihani wako utaufanya. Na mimi nitakuwepo."

Akamwacha pale na jagi mkononi. Paskazia alijifuta shavu kwa nguvu, kama kuna kitu kimemng'ata.

Aliporudi na sinia la bilauri alimkuta Mzee Makoye anamalizia maneno.

"... kwa hiyo kuanzia kesho apumzike nyumbani. Mchumba wa mtu hawezi kukaa darasani na wavulana. Watu wataongea."

"Sawa kabisa," Mzee Ngassa akasema. "Kuanzia kesho haendi."

Sinia lilikuwa zito. Paskazia akaliweka chini, polepole, bilauri zisigongane. Akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba. Mama. Wazee wangu. Nkwabi si mchumba wangu. Hajawahi kuwa. Nilidanganya siku ile kwa sababu nilitaka mtihani, nikamwomba anisaidie kudanganya. Baiskeli, kutembea pamoja, yote yalikuwa maigizo. Kosa ni langu peke yangu. Nichapeni, lakini msinitoe shule."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mariana aliacha kisu juu ya nyama. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Paskazia alipumua mpaka chini. Sasa ilibaki Nkwabi aseme neno moja tu, ndiyo.

Mzee Makoye hakumtazama Paskazia. Alimkazia macho mwanawe.

"Kama ni hivyo, wewe ulipata faida gani? Kijana hakubali kuzungushwa mji mzima bure. Ulikuwa unaficha nini, Nkwabi?"

Paskazia aliliona swali hilo linavyomfikia Nkwabi. Akajua, kabla hajasema, kwamba ile ndiyo haitatoka.

"Baba," Nkwabi akasema, "Paskazia hakudanganya siku ile. Anadanganya leo. Anaogopa harusi."

"Nkwabi!"

"Mimi nampenda." Alisema huku anamtazama machoni, na machozi yanamlengalenga. "Nimempenda tangu kidato cha pili. Sina mwingine."

Maneno hayo Paskazia alikuwa ameyaota juu ya keria ya baiskeli, akiyapanga kwa namna nyingi, na kila mara alijua angejibu nini. Sasa yamesemwa mbele ya wazazi wa pande mbili, kwa sauti inayotetemeka, na yote yalikuwa ya Hiral.

"Mnasikia jamani?" mama yake Nkwabi akasema, akapiga kigelegele.

Mariana akajifuta macho. Mzee Ngassa, bila hasira, akamwinua binti yake, akauchukua mkono wake na kuutia katika mkono wa Nkwabi.

"Woga wa bibi harusi," akasema. "Hata mama yako alinikana mara tatu."

"Baba, nasema kweli!"

"Najua, mayu. Najua. Nyamaza sasa."

Kiganja cha Nkwabi kilikuwa cha baridi na kimelowa jasho. "Nisamehe," akamnong'oneza. Paskazia alikuwa anawatazama watu waliomzaa, waliompenda, wanaomtabasamia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akimsikia.

Nyuma yao kiti kililia. Sostenes alikuwa amesimama. Akaitoa ile njiti mdomoni, akaivunja, akaitupa.

"Mzee Ngassa," akasema kwa sauti ya chini, "mimi namwamini binti yako."

Kigelegele kikakatikia njiani.

"Na hakuna haja ya kubishana. Jua bado liko juu, na pikapu yangu inatutosha wote. Twendeni dukani kwa Rohit tukaulize huyu kijana huwa anafuata nini."

Mkono wa Nkwabi, uliokuwa umelegea, ukamkaba Paskazia vidole mpaka vikamuuma.

Mzee Makoye akawa wa kwanza kupanda.